Jezi Namba Kumi na Sita

Mlango wa stoo haufunguki kwa ufunguo peke yake. Uinue kwanza kwa ncha ya kiatu, kisha zungusha ufunguo, kisha sukuma kwa bega. Salma, ulilisahau lile la kwanza mwaka jana na kidole chako kina kovu hadi leo. Mimi nimeufungua mlango huo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na mwezi uliopita nimewakabidhi funguo, wewe Salma na mwenzio Pendo, mkaniomba niwaandikie namna ya kutunza vifaa vya timu ya taifa ya wanawake, msije mkaharibu. Nimekubali. Mengi nitakayosema ni ya sabuni na maji. Moja si la sabuni, nalo ndilo lililonikalisha mezani.

Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikupanda hata kimoja. Niliingia mtunza vifaa, nikatoka mtunza vifaa, na siku ya kuagwa nilipewa saa ya ukutani isiyo na betri.

Mimi ni wa Jomvu Kuu. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nilijua kutia uzi kwenye tundu la sindano kabla sijajua kusoma. Nilipokua nilipata kazi ya kushona magunia katika kiwanda kimoja Changamwe. Asubuhi moja msimamizi akaja na gunia begani, akalibwaga mbele yangu na kusema, "Riziki, hizi ni jezi za timu ya taifa ya wanawake. Wachezaji waja keshokutwa. Zipunguze." Nilizimwaga sakafuni. Zilikuwa jezi za wanaume, zilizokwisha kuchezewa, kola zimekatika, na moja ilikuwa na doa la mchuzi kifuani. Nilipoijaribu kwa msichana mmoja aliyetangulia kufika kambini, ilimfika magotini. Akacheka, nami nikacheka. Tulikuwa hatujajua bado kwamba si jambo la kuchekwa.

Nilizipunguza kwa siku mbili. Namba nilizikata kwenye shuka la mamangu nikazishona kwa mkono, mshono wa kurudi nyuma, ule usiofumuka mtu akivutwa. Kazi ya siku mbili ikawa maisha yangu yote. Stoo ikabaki Changamwe, chini ya jukwaa la uwanja, kwa sababu kambi zilifanywa huku pwani ili wachezaji wazoee joto, na pia kwa sababu Nairobi palisemwa hapana chumba. Vifaa vya wanaume vilikuwa na chumba huko. Hata mipira yao iliyotoboka ilikuwa na chumba huko.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kombo, Mungu amrehemu. Alikuwa ametunza vifaa vya timu za wanaume miaka na mikaka, akastaafu, akawa anaishi nyumba ya tatu kutoka uwanjani. Alikuja bila kuitwa. Alisimama mlangoni, akaangalia jezi nilizozianika juani, akasema, "Mwanangu, hizo waziua." Tangu siku hiyo sikuanika jezi ila kivulini, ndani nje.

Yafuatayo ni yake, nami nawaachia kama nilivyoachiwa. Jasho lisilale, jezi ifuliwe siku hiyo hiyo hata kama mmefungwa sita. Njumu zilizolowa zijazwe magazeti, zisisogezwe karibu na moto. Soksi zifungwe mbilimbili kabla ya kufuliwa, la sivyo utamaliza maisha yako ukitafuta mwenzake. Damu ioshwe kwa maji baridi na chumvi, upesi, usithubutu maji ya moto, maana moto huipika damu ndani ya kitambaa na haitoki tena. "Damu haingoji mtu," Mzee Kombo alikuwa akisema. "Ikikauka, jezi ushaikosa." Alilisema neno hilo mara nyingi hata nikawa naliitikia abee kabla hajalimaliza.

La mwisho lake lilikuwa la hesabu. Tulikuwa na seti moja ya jezi kumi na nane, basi. Mechi ikiisha, nilitakiwa kusimama kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo na beseni, na hapiti mtu ila ametia jezi yake ndani. Wenzetu wa nchi nyingine wakimaliza mchezo hubadilishana jezi kwa ukumbusho. Wetu walikuwa wakipeana mkono na kukimbia wasije wakaombwa. Wapo walionililia. "Ma Riziki, hii moja tu, nimwonyeshe mamangu." Nami nikijibu lile lile, kila siku, kila mmoja: "Itie beseni. Hesabu isipungue." Jezi haina mwenyewe, alisema Mzee Kombo, ina mtunzaji. Nililishika hilo kwa mikono miwili, na ningependa kuwaambia nilikuwa na haki.

Mnataka kujua tulikuwa tukienda wapi na jezi hizo. Mara nyingi hatukwenda popote. Wasichana wataitwa kambini, watakimbizwa mchangani mwezi mzima, nitafua, nitapiga pasi, nitafunga masanduku kwa kamba, kisha katibu wa timu atakuja na uso wa msibani kusema kwamba safari haipo, tumejitoa kwenye mashindano. Hapakuwa na maelezo. Nilikuwa nikifungua masanduku yale yale na kurudisha jezi safi kwenye rafu, na hakuna kitu kinachochosha moyo kama kurudisha jezi safi. Nimeona kipa aliyeitwa kambini ana miaka kumi na saba akaja kuacha mpira ana watoto wawili, hajapata kudaka mpira mmoja nje ya nchi hii. Timu ya taifa alikuwa nayo. Taifa lenyewe ndilo halikutokea.

Kadzo alikuja katika mwaka mmojawapo wa miaka hiyo. Alitoka Bofu, huko Likoni, mwembamba, mwenye miguu mirefu, winga wa kushoto, na hakuwa msemaji. Alinijia siku ya kwanza akashika sikio la beseni upande wa pili tukalibeba pamoja, hakuna aliyemtuma. Nilimpa namba kumi na nne.

Baba yake, Mzee Katana, alikuwa kibarua wa bandarini na mzee wa kanisa. Mama yake alikuwa amefariki. Mzee hakuwa mtu mbaya, na nataka mlielewe hilo. Alikuwa amelea watoto watano peke yake, na watu wa mtaani walikuwa wakimwambia kwamba mpira wa wasichana ni jina tu, kwamba msichana anayelala kambini majuma matatu ana lake jambo. Safari zikivunjika kila mara, yeye angejuaje kwamba kulikuwa na safari? Mara tatu Kadzo alimuaga anakwenda kuchezea Kenya, na mara tatu akarudi akasema hawakwenda. Mara ya tatu mzee alimtolea begi lake nje. Alimwambia, mbele ya ndugu zake, "Siku nitakayosikia jina lako redioni kwamba umeifungia Kenya, rudi uchukue kitanda chako. Kabla ya hapo usinidanganye tena."

Kadzo akawa anakaa kwa shangazi yake Kisauni. Aliniambia habari hizo tukisugua njumu, bila machozi, akiwa kama anayetaja ratiba ya mechi. "Si ubaya, Mama," alisema. "Yuataka kusikia tu. Nami nitamsikizisha."

Kisha mwaka mmoja safari haikuvunjika. Ilikuwa mashindano ya kanda, ugenini, katika nchi ambayo lugha yake hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Sitawataabisha na habari za basi. Tulifika. Kabla ya kuondoka Kadzo alikuwa amepita Bofu kumwambia baba yake, na majirani walituambia baadaye kwamba mzee alinunua betri mpya za redio na akawaambia watu watatu wa kanisani waje wasikilize naye matokeo.

Tulifungwa mechi ya kwanza. Mechi ya pili ilichezwa saa nane mchana, jua limewaka. Nekesa, msichana kutoka bara aliyekuwa akivaa namba kumi na sita, aliamka na malaria tukamwacha hotelini. Katibu alikuwa amekwisha kuandika orodha ya wachezaji jana yake, Nekesa akiwa wa akiba, na hakumfuta. Jezi yake nilikuwa nayo begini. Kumi na nane ni kumi na nane.

Dakika chache baada ya mapumziko, tukiwa nyuma kwa bao moja, Kadzo aliruka kupiga mpira kwa kichwa akagongana na beki wao. Nyusi ikapasuka. Damu ilimwagika begani mwa ile jezi nyeupe, begani na mkononi. Kocha alimwekea pamba na plasta, lakini sheria ni kwamba mtu hachezi na jezi yenye damu, na refa akaonyesha kwa mkono: nenda ukabadilishe. Timu nyingine hubeba jezi ya ziada isiyo na namba kwa ajili ya siku kama hiyo. Sisi tulikuwa na ya Nekesa.

"Mvishe hiyo hiyo, haraka!" kocha akasema.

Nikamvua kumi na nne, nikamvisha kumi na sita. Akakimbilia kwenye mstari kusubiri refa amruhusu.

Hapa nawaomba msome polepole. Mchezaji akibadilisha jezi kwa sababu ya damu, mtu wa timu lazima aende kwa yule refa wa akiba anayekaa mezani kati ya mabenchi mawili, amweleze: huyu ni yule yule, namba tu ndiyo imebadilika. Ni kazi ya katibu, na katibu alikuwa jukwaani kivulini na wenyeji wetu. Akikosekana katibu, ni kazi ya mtunza vifaa. Mimi nilijua. Na yule refa wa akiba aliniita. Aliinua mkono, akaniangalia machoni, akasema kitu kwa lugha yao na kuonyesha karatasi yake. Nilimwona. Nami nikamwinulia ile jezi yenye damu, kama kumwambia ngoja kidogo, nikageuka nikakimbilia bombani nyuma ya jukwaa. Damu haingoji mtu. Tulikuwa na mechi ya tatu baada ya siku mbili na seti moja ya jezi.

Basi nilikuwa nimeinama bombani, chumvi mkononi, bega la jezi likitoa maji ya rangi ya waridi, niliposikia wasichana wetu wanapiga kelele. Sikuliona bao. Nimelisimulia mara nyingi hata watu hudhani niliona, lakini nililosikia ni kelele, kisha kipaza sauti kikasema maneno nisiyoyaelewa. Walivyonihadithia, Kadzo alipokea mpira pembeni kushoto, akampita mmoja, akamchenga wa pili, akapiga kwa mguu wa kulia ambao hakuwa akiuamini. Nilirudi benchini na jezi iliyolowa, safi, haina alama. Nilijivunia. Mungu anisamehe, nilijivunia jezi.

Tulifungwa tatu kwa moja. Karibu na mwisho kocha alitaka kuingiza mchezaji wa tatu, wakamkatalia, wakamwonyesha vidole vitatu kwamba nafasi zake zimekwisha. Alifoka. Sote tulifoka. Tulisema ndio ugenini huo, wameshatuonea. Katibu aliletewa ripoti ya mechi akatia sahihi akiwa amesimama, maana chakula kilikuwa kimepakuliwa. Mechi ya tatu tulifungwa pia, bila kupata bao. Lile la Kadzo lilikuwa bao letu pekee katika mashindano yale.

Tuliporudi Changamwe, Kadzo hakungoja hata chai. Alivuka Likoni siku ile ile na begi lake lote. Nilimsindikiza hadi barabarani. Alikuwa amesuka nywele upya njiani, na plasta kwenye nyusi alikataa kuitoa, alitaka baba yake aione.

Alirudi alasiri ya kesho yake nikiwa nahesabu soksi. Begi alikuwa nalo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na begi?"

Akakaa kwenye sanduku. "Redio yasema Nekesa."

"Nekesa amefanya nini?"

"Ndiye aliyefunga. Walisoma hivi: bao la kufutia machozi la Kenya lilifungwa na Nekesa, aliyeingia kuchukua nafasi ya Kadzo. Baba alisikia na wenziwe wote wa kanisani. Yuasema nilitajwa, ndiyo, nilitajwa kwamba nimetolewa."

Soksi zilinidondoka. Vidole vitatu vya yule refa, mkono alioniinulia, karatasi, vyote vilinijia kwa pamoja. Aliona kumi na nne ametoka na kumi na sita ameingia, hakuna mtu aliyemwambia vingine, akaandika alichokiona. Hakutuonea. Alikuwa akifanya kazi yake na alinipa nafasi ya kufanya yangu.

Nilimwambia Kadzo hapo hapo. Sikumficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kitu kimoja. "Alikuita, Mama?"

"Aliniita."

"Nawe ukaenda kufua."

"Nilikwenda kufua."

Aliinama akaokota soksi nilizodondosha. Kisha akasema, "Twende ukamwambie Baba."

Tulikwenda. Mzee Katana alitupokea vizuri, akanitolea kiti, akasema karibu mama. Redio ilikuwa juu ya kabati na kitambaa cha kufumwa juu yake. Nilieleza yote, damu, bomba, karatasi, na nikaapa. Alinisikiliza ameinamisha kichwa kama anavyosikiliza mahubiri. Nilipomaliza alisema kwa upole, "Mama, nashukuru. Nawe ni mzazi, na mzazi humtetea mtoto. Mimi si wa kukulaumu."

"Simtetei, mzee. Wallahi nasema lililotokea."

"Haya. Lakini redio haina mtoto, mama. Redio yamtetea nani?"

Nikainuka kuaga. Leo nina miaka zaidi ya ile aliyokuwa nayo yeye, na jibu sina. Tulipotoka Kadzo alitangulia mbele, na plasta ilikuwa mkononi mwake.

Msidhani nilikaa kimya. Nilikwenda kwa katibu. Akasema ripoti iliyotiwa sahihi ni maji yaliyomwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia sahihi ni yake. Akasema, "Bi Riziki, bao ni la Kenya. Wataka kulipeleka wapi?" Niliandika barua mbili kwa mkono wangu nikieleza kosa langu, nikazituma nilikoambiwa nizitume. Sikujibiwa. Wachezaji wenzake wote walijua, lakini walikuwa wametawanyika makwao, na hata mmoja wao angekuja Bofu angeambiwa ni wale wale. Picha hazikupigwa. Sisi hatukuwa watu wa kupigwa picha.

Mwaka uliofuata goti la Kadzo liligeuka mazoezini, pale pale uwanjani kwetu, mpira ukiwa mbali naye. Hakuitwa tena. Mzee Katana alifariki miaka michache baadaye. Nilikwenda mazishini. Kadzo alikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wengine akisonga sima, na wasifu uliposomwa alitajwa wa nne kati ya watoto watano, akifuatiwa na jina la mdogo wake. Kitanda chake hakukichukua.

Nekesa naye alinipigia simu mara moja, baada ya miaka mingi. Walikuwa wamewaita wachezaji wa zamani kwenye ukumbi fulani kuwaheshimu, na yeye akasomwa kwamba ndiye mfungaji wa lile bao. "Mathe, mimi siku hiyo nilikuwa kwa bed na malaria," alisema. "Nikawashow si mimi, ni Kadzo. Wakaniambia niketi, list ni list." Nilimwuliza kama aliketi. Akasema aliketi.

Miaka ikaenda. Mambo yamekuwa mazuri, wenyewe mwasema. Jezi sasa zinakuja za kike, zimekatwa kiunoni, seti tatu, na jina la mchezaji liko mgongoni. Ipo mashine ya kufulia, ikipata umeme. Mchezaji akimaliza mashindano anakwenda nyumbani na jezi yake na hakuna anayesimama mlangoni na beseni. Timu imekwenda mbali kuliko tulivyokwenda sisi, na imefungwa mbele ya kamera, ambalo ni jambo jema, maana aliyefungwa mbele ya kamera ana ushahidi kwamba alikuwepo. Lakini hata mwaka huu nimefunga masanduku na kuyafungua mara moja, na nyinyi mlinisaidia kurudisha jezi kwenye rafu. Mlikuwa mkicheka. Sikuwakataza.

Watu huniuliza kama najivunia kazi yangu.  Nimetunza vitambaa vizuri sana. Wasichana waliokuwa ndani ya vitambaa hivyo wako Kiembeni, Kisauni, Miritini, wana magoti mabovu, na mkiwauliza watoto wao mama yenu alikuwa nani watawaambia auza viazi. Sina la kuwapa moyo katika hili. Nilidhani nikikaribia mwisho nitaliona, nalo halipo.

Juma la mwisho la kazi nilisafisha kabati la nyuma. Chini kabisa, ndani ya gunia la kiwandani, lile lile la siku ya kwanza naapa, zilikuwamo zile jezi nyeupe za zamani. Nilizihesabu. Kumi na nane. Nikatoa kumi na nne na kumi na sita, nikazitia kwenye mkoba wangu chini ya khanga, nikatoka nazo. Maisha yangu yote sikupata kumruhusu mtu kupita mlango ule na jezi, na sasa nilikuwa nazo mbili, nikipita kando ya ukuta kama mwizi.

Kadzo anakaa Kiembeni. Hukaanga viazi karai nje ya geti la nyumba za kupanga, na ameketi kwa sababu ya goti. Alinisalimia kwa furaha, akanisogezea kigoda, akaniletea viazi na ukwaju. Nilimwambia nimestaafu. Nilimwambia nimemletea kitu. Nikatoa kwanza ile kumi na sita.

Alijifuta mikono, akaishika. "Ndiyo hii," alisema. "Ndiyo niliyofungia." Aliitazama kwa muda mrefu. Mteja mmoja alikuja akahudumiwa na binti yake. "Lakini, Mama, hii ni ya Nekesa. Nikimwonyesha mtu atasema nini? Atasema nimeipata kwa Nekesa."

"Najua. Ndiyo nikaleta na hii."

Nikampa kumi na nne. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kutoka Changamwe. Nilifikiri akiwa nazo zote mbili, basi angeweza kusema, hii ndiyo niliyotoka nayo na damu, na hii ndiyo niliyovaa. Binti yake angeona. Mtu mmoja tu, mtoto wake, angeona na kuamini.

Aliifungua magotini. Akatafuta begani. Akaigeuza ndani nje, akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya mshono wangu, taratibu, inchi kwa inchi. Akamwita binti yake. "Njoo uangalie hapa. Hapa ndipo damu ilipomwagikia." Msichana akainama, akatazama.

"Mama, mbona hapana kitu?"

Kadzo aliigeuza tena. Alitafuta na upande wa pili, labda alikosea bega. Nami nikatafuta naye, macho yangu haya ya uzee, nikimwomba Mungu alama hata ya ukubwa wa mbegu ya mchicha, hata wekundu kwenye uzi. Nilikuwa nimetumia maji baridi na chumvi, upesi, kabla haijakauka, kama nilivyofunzwa. Nyeupe.

"Ulifua vizuri, Mama," alisema Kadzo.

Hakulisema kwa ubaya. Alizikunja zote mbili, mikono ndani, kola juu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha kambini, akanirudishia mapajani.

"Zirudishe stoo," alisema. "Hesabu itapungua."

Ziko kabati la nyuma, rafu ya chini, ndani ya gunia. Nilizirudisha siku moja kabla ya kuwakabidhi funguo. Ni kumi na nane. Nimezihesabu mara tatu.